Shilingi, Dala na Lofa: Kiingereza cha Zamani katika Vinywa vya Watu wa Mbezi Luis



1. Utangulizi

Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Moja iko karibu na bahari, upande wa Barabara ya Bagamoyo, nayo imechukua neno la Kiingereza ikaitwa Mbezi Bichi. Ya pili ni Mbezi Luis, katika Barabara ya Morogoro, ambako tangu Februari 2021 kipo Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kinachopokea wasafiri kutoka mikoani. Atakayesimama Mbezi Luis asubuhi atasikia Kiswahili chenye lafudhi za karibu nchi nzima. Ndani yake atasikia pia, bila kutazamia, Kiingereza cha mabibi na mababu wa Waingereza. Konda wa daladala anaita abiria; abiria anadai chenji yake ya shilingi mia mbili; dereva wa bodaboda anaelekezwa akifika kipilefti apinde kushoto; mzee anamkanya mjukuu wake aache ulofa.

Hoja ya mhadhara huu ni moja. Maneno ya aina hii si Kiingereza kilichoharibika. Yametokana na Kiingereza cha mazungumzo cha zama fulani. Mengine kwao yamebaki kuwa kumbukumbu za utotoni za wazee, ilhali huku ni lugha ya kila siku ya watoto. Mwanafunzi anayeyapima kwa kamusi ya Kiingereza cha leo hupotea njia. Na anayeyaita Kiswahili kibovu huwanyang'anya wasemaji kilicho chao.

2. Mlango yalikopitia

Waingereza waliiteka Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na utawala wao ulidumu hadi tarehe 9 Desemba 1961. Wajerumani walikwisha kuacha maneno yao: shule ni neno lao, na hela ni sarafu yao ndogo iliyoanza kutumika mwaka 1904. Kiingereza kilipofuata, wakazi wengi wa mji hawakukipokea kwa njia ya vitabu. Walikipokea kambini, bandarini, gereji na katika majiko ya mabwana. Kwa sababu hiyo maneno mengi yaliyoingia yalikuwa ya kuamrisha, ya kuhesabia ujira na ya kutajia vyombo vya kazi.

Mfano ulio maarufu zaidi ni Kariakoo. Jina hilo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi hicho kimetoweka, na wengi wa wapagazi waliokufa hawana makaburi yanayojulikana. Jina lao limebaki sokoni. Neno keya halikupata bahati hiyo. Lilitokana na herufi za kwanza za jina la jeshi la kikoloni, King's African Rifles, nalo lilitumika kwa jeshi lenyewe na kwa askari wake. Baada ya uhuru jeshi hilo lilipewa jina jingine, na leo kijana akisikia keya ataomba afafanuliwe. Ni dhahiri basi kwamba neno la kukopwa haliishi kwa nguvu ya lugha lilikotoka. Linaishi likipata kazi ya kufanya katika maisha ya wasemaji wapya.

3. Ushahidi wa sarafu

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi zaidi kuliko katika fedha. Shilingi ilianza kutumika Afrika Mashariki mwaka 1921, ikagawanywa katika senti 100, tofauti na ya Uingereza iliyokuwa na peni 12. Tanzania ilitoa shilingi yake yenyewe mwaka 1966. Miaka mitano baadaye, tarehe 15 Februari 1971, Uingereza iliacha hesabu ya shilingi na kugawa pauni yake katika peni 100. Tangu siku hiyo shilingi ni hadithi kwa mtoto wa Kiingereza. Huisikia kwa babu yake anayekumbuka pipi alizonunua. Mtoto wa Mbezi Luis, kwa upande wake, akitumwa dukani huhesabu shilingi.

Lugha ya mitaani nayo ilisafiri. Waingereza wa zamani waliiita shilingi bob. Kwao neno hilo limezeeka pamoja na sarafu yake. Nairobi bado linasikika kwenye matatu na vibandani. Kadhalika, wazee wa Tanzania waliozoea kuita shilingi ishirini pauni walikuwa wakihifadhi hesabu ya Kiingereza ambayo Waingereza wenyewe walikwisha kuiacha.

Mfano wenye uzito zaidi ni dala. Katika mazungumzo ya Waingereza wa kizazi kilichopita, shilingi tano ziliitwa dollar. Msemo huo ulitokana na wakati ambapo pauni moja ilikaribia thamani ya dola nne za Kimarekani, hivyo robo ya pauni, yaani shilingi tano, ililingana na dola moja. Dar es Salaam nako sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Mapema miaka ya 1980 mabasi ya watu binafsi yalipotoza nauli ya shilingi tano, makonda wakaita “dala, dala”, na chombo kikapata jina. Ulinganifu huu peke yake hautoshi kuthibitisha ukopaji wa moja kwa moja. Hata hivyo, unatosha kumwonya mtafiti asikimbilie dola ya Marekani ya leo anapoeleza asili ya daladala. Nauli imepanda mara nyingi, sarafu ya shilingi tano haionekani tena mikononi mwa watu, lakini konda hahitaji kuijua ili aitwe konda wa daladala.

4. Ushahidi wa sarufi

Kibao cha barabarani kilichoandikwa “keep left” kilimwamuru dereva apite kushoto. Kiswahili kilisikia ndani ya amri hiyo kiambishi ki-, kikaiweka katika ngeli ya KI-VI, na mzunguko wa barabara ukawa kipilefti, wingi vipilefti. Vivyo hivyo, neno la Kiingereza lenye maana ya bati la kukinga matope ya gurudumu lilisikika kama wingi, madigadi, nalo likazaa umoja wake, digadi. Kukosea kwa namna hii si kukosea kwa mjinga. Ni sarufi kamili ya Kiswahili inayofanya kazi yake bila kuomba ruhusa.

5. Ushahidi wa dharau

Si kila mkopo unachekesha. Lofa limetokana na “loafer”, neno la kumdharau mtu anayezurura bila kazi. Lilifaa sana fikra za utawala uliomtaka Mwafrika aishi mjini kwa kibali cha ajira tu. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wasio na kazi walisakwa Dar es Salaam na kurudishwa vijijini. Baada ya uhuru fikra hiyo haikuondoka na bendera. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 nayo ilifuatana na misako ya kuwaondoa mjini walioonekana hawana kazi.

Tarehe 23 Agosti 2015, CCM ilipozindua kampeni zake katika viwanja vya Jangwani, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita malofa na wapumbavu wale waliodai kuikomboa nchi. Mjadala mkubwa ulizuka. Walioumia hawakuhitaji kujua asili ya neno ili kuhisi makali yake. Neno lililowahi kumpima mtu kwa macho ya mwajiri wa kikoloni lilikuwa sasa Kiswahili kamili, lenye uwezo wa kujeruhi kwa Kiswahili.

6. Hitimisho

Kutokana na mifano hii, hapana budi kamusi zetu zisiishie kuandika kwamba neno fulani limetoka Kiingereza. Ziseme ni Kiingereza cha nani, cha wakati gani, na kiliingia kwa kazi gani. Ushahidi huo haumo katika maktaba peke yake. Mwingine uko kwa wazee wa Mbezi Luis, Temeke na Kinondoni waliozisikia sauti hizo utotoni, nao hawatatungoja. Wanafunzi waende wakaandike msemo pamoja na kitu chake: sarafu, kibao, sare, ujira, na nani alimwambia nani.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Maneno haya yalizaliwa ugenini, lakini yamelelewa hapa. Lugha iliyoyalea ina haki ya kuyaita yake, na ina wajibu wa kukumbuka yalifikaje mlangoni.