Kisu cha Kazi: Chuma Gani?



Mmetuuliza tununue kisu cha chuma kisichoshika kutu, au kile cha kawaida chenye kaboni. Twasema, tazameni kwanza kazi.

Mkata mikoko hulipwa kwa korija, yaani miti 20. Shoka na panga vikiwa butu jasho ni lile lile, lakini korija zinapungua. Huyo achukue chuma cha kaboni. Makali yakifa, tupa moja kambini huyarudisha mara moja. Jioni apanguse, apake mafuta ya nazi. Sifa nayo yafaa, ila harufu yake mnaijua.

Mvuvi ni mbali. Kisu chake hulala chomboni katika maji ya chumvi, na maji ya kunywa ni machache, hawezi kuyamwaga kwa kuoshea kisu. Cha kaboni kitaota kutu usiku mmoja. Yeye achukue kile kilichotiwa kromi, asilimia 10.5 au zaidi. Lakini jina lisiwadanganye: kikikaa katika ala ya ngozi iliyolowa chumvi, nacho huliwa vidonda vidonda. Na vile vya bei rahisi mno ni laini, havikai makali. Hivyo tunaviona hasara.

Limebaki la gharama. Boriti ni za tajiri, lakini tupa hutoka mfukoni mwa mkataji. Tutakapokwenda kusema bei ya korija, na bei ya tupa tuitaje pale pale, iwe juu yake.