Kabla ya Kumnunulia Mwanafunzi Kompyuta ya Michezo



Kijana akiomba kompyuta mpakato ya michezo, msikimbilie kukataa. Mashine inayomudu gemu nzito humfaa pia anayesomea usanifu majengo au uhariri wa video. Taabu ni bei, kwa kuwa fedha hizo aghalabu zimetoka fungu moja na ada, nazo taa za rangi kwenye kibodi huuza kuliko uwezo.

Ulizeni kwanza kadi ya michoro, kwani katika mpakato nyingi haibadilishiki. Jina lake pekee halitoshi: RTX 4050 ya mpakato huweza kuwekewa wati 35 au hata 115, na ile ya wati chache huachwa mbali. Muuzaji akitaja jina, mtakeni ataje na wati. Kumbukumbu ya GB 8 isiwatishe iwapo ina nafasi ya kuongezwa. Hiyo itangoja fedha zipatikane.

Kwa mashine iliyokwisha kutumika, msilipe kabla ya kuifungulia gemu nzito kwa nusu saa, ikiwa kwenye chaja yake yenyewe. Ikizima, au gemu ikianza kukwamakwama huku feni zikivuma, iacheni. Kisha chomoeni chaja muone betri inavyodumu. Ukumbi wa mihadhara hauna soketi kwa kila kiti.

Risiti itaje namba ya mashine, aina ya kadi na muda wa dhamana. Muuzaji anayesema, “Ikisumbua utairudisha tu,” aombwe kuyaandika maneno hayo hayo juu ya risiti, na kutia sahihi.