Huruma yenye Masharti: Vizuka vya Mariana Enríquez

Paula na mumewe wamehamia nyumba mpya. Usiku wa manane mtu anagonga mlango kwa kishindo. Paula anakurupuka kitandani. Mume hajasikia lolote. Baadaye anachungulia ua wa jirani kutoka juu ya nyumba, anaona mguu wa mtoto, na mguuni mna mnyororo. Anamweleza mume. Jibu analopewa ni kwamba akamwone daktari wa akili.

Hadithi hiyo ni "El patio del vecino", yaani ua wa jirani, ya Mariana Enríquez wa Argentina, kutoka mkusanyiko wake wa mwaka 2016, Las cosas que perdimos en el fuego. Enríquez, mzaliwa wa 1973, ni mwandishi wa habari pia, na hilo linajionyesha: kizuka anakieleza kwa sauti kavu ya ripoti ya polisi. Hapigi kelele, na ndiyo maana anatisha.

Paula naye ana lake. Aliwahi kuongoza makao ya watoto wa mitaani, akafukuzwa kazi kwa sababu usiku mmoja yeye na mwenzake walikuwa wakijistarehesha, muziki umefunguliwa kwa sauti ya juu, huku mtoto mdogo akilia wasimsikie. Kwa hiyo huyu wa mnyororo ni nafasi yake ya kujitakasa, na sisi wasomaji tunamwombea afanikiwe. Anaingia kwa jirani kwa siri, mtoto hayupo. Anaporudi kwake anamkuta kitandani, meno yamechongwa, na paka wa nyumbani ndiye kitoweo.

Mwenye moyo atauliza: jamani, aliyeonewa ndiye afanywe mnyama? Swali ni la haki, na nadhani Enríquez alitaka tuulize. Tulimhurumia mtoto alipokuwa mguu tu, kimya, mbali, upande wa pili wa ukuta. Alipovuka na kuja na njaa yake, tukatamani mnyororo urudi. Huruma yetu kumbe ilikuwa na masharti, na la kwanza ni kwamba mhanga awe mpole.

Waliokulia kwenye vitabu vya Muhammed Said Abdulla watamkumbuka mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, cha mwaka 1960. Pale panapotajwa mizimu, yeye hutumia akili, mambo yakafunguka. Kwa Enríquez hakuna Bwana Msa. Ukijua siri ya nyumba, umejua tu, kizuka hakiondoki.

Hadithi inayoionyesha huruma hii yenye masharti vizuri kuliko zote ni "Chicos que faltan", watoto wanaokosekana. Mechi anafanya kazi kwenye ofisi inayotunza mafaili ya watoto waliopotea jijini Buenos Aires: waliotoroka vipigo, walioibwa, waliouzwa miili. Siku moja wanaanza kuonekana kwenye bustani za jiji. Furaha, machozi, kamera za televisheni. Kisha wazazi wanaanza kunong'onezana. Mtoto amerudi na umri uleule aliopotea nao. Hali chakula. Tena kuna aliyekwisha kufa, na inajulikana alikufa. Mmoja baada ya mwingine, wazazi wanawarudisha: huyu si wangu.

Hapo ndipo Enríquez ananiumiza. Hatuambiwi kila nyumba iliwatendea nini watoto hawa. Tunawaona tu wazazi waliolia mbele ya kamera wakifunga mlango kwa mara ya pili, na watoto wakihamia kwenye nyumba tupu za jiji, bila kudai chochote.

Msomaji wa Argentina anasikia mwangwi mwingine. Utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983 uliteka watu, na watoto wachanga wa mateka wakagawiwa familia nyingine. Kina bibi wa Plaza de Mayo, walioanza kuwatafuta wajukuu mwaka 1977, wanakadiria watoto hao kuwa kama 500. Wapo waliogundua ukubwani kwamba waliyemwita baba alishirikiana na waliowaua wazazi wao. Katika nchi ya namna hiyo, kurudi kwa mtoto si jambo jepesi, hata kwenye hadithi ya kubuni.

Si kila hadithi yake ina uzito huu. "Tela de araña" inahusu mume mkorofi anayetoweka safarini, na tunamchukia tangu mwanzo kiasi kwamba kutoweka kwake hakumgharimu msomaji kitu. Inachekesha, basi. Ukitaka kumjua Enríquez anza na watoto wa bustanini. Wamo katika mkusanyiko wa 2009, Los peligros de fumar en la cama, ambao tafsiri yake ya Kiingereza ilifika orodha fupi ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021. Ni hadithi ndefu kidogo, na mwisho wake haukupi nafuu.