Timu Iliyoanza na Watu 10

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari kabla ya michezo ya shule)

Vijana, kaeni. Mlio juani sogeeni huku kivulini, maana habari yenyewe leo ni ya jua.

Nimeambiwa mazoezi yameanza, na kwamba mnakimbia mchana kabla ya masomo ya jioni. Sawa. Basi nitawasimulia msimu mmoja wa timu ya chuo, halafu tutarudi kwenye kiwanja chenu hiki.

Chuo chenyewe ni Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, na msimu ni wa mwaka 2018. Mpira wao si huu wetu wa miguu. Kule wanauita futiboli, lakini una ncha mbili, unashikwa kwa mikono, na wachezaji 11 wa kila upande huvaa kofia ngumu na mito ya mabegani kama watu waendao vitani. Mechi za vyuo zinajaza uwanja maelfu kwa maelfu, na televisheni zinaonyesha. Msije mkadhani ni timu maskini isiyo na daktari wala barafu. Vyote wanavyo, na ndiyo sababu nimeichagua.

Tarehe 1 Septemba walifungua msimu na Texas, timu yenye jina kubwa. Maryland walipopata zamu ya kushambulia kwa mara ya kwanza, waliingia watu 10. Nafasi moja kwenye mstari wa mbele wakaiacha wazi. Muda wa kuanza ukapita, waamuzi wakatoa adhabu ya kuchelewesha mchezo, na Texas wakaikataa ile adhabu. Maryland walishinda 34 kwa 29.

Aliyekosekana ni Jordan McNair, jezi namba 79, kijana wa miaka 19. Alikuwa amefariki tarehe 13 Juni, msimu haujaanza. Hakuvunjika shingo wala hakugongwa kichwa. Aliuawa na joto la mwili wake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Tarehe 29 Mei timu ilikuwa ndiyo kwanza imerudi kutoka mapumziko. Zoezi la siku ile lilikuwa mbio 10 za yadi 110, yaani karibu mita 100 kila moja. McNair alikuwa mtu mzito, zaidi ya kilo 140. Kwenye mbio za mwisho mwisho misuli ikamkaza, akashindwa kusimama sawasawa, wenzake wakamshika huku na huku ili amalize. Akamaliza. Uchunguzi ulioagizwa na chuo ulionyesha kwamba tangu dalili zianze mpaka gari la wagonjwa linaondoka naye ilipita saa 1 na dakika 39. Muda wote huo hakupimwa joto, wala hakutumbukizwa kwenye maji baridi. Alipofika hospitali joto la mwili lilikuwa kama nyuzi 41. Madaktari walifika mpaka kumbadilishia ini, lakini haikusaidia.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa mnaotaka kusoma baiolojia. Misuli ikifanya kazi inatoa joto, kama jiko la mkaa. Jasho ndilo linalopoza, lakini linapoza pale tu linapokauka. Hewa ikiwa nzito na yenye unyevu, kama ya Pwani wakati wa masika, jasho linatiririka bila kukauka, na jiko linazidi kuwaka ndani. Joto la mwili likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika, hicho ni kiharusi cha joto. Ubongo, ini na figo vinaanza kuharibika, na kila dakika ina hesabu yake.

Mtamjuaje? Anayumba kama mlevi. Anajibu ovyo, au anakuwa mkali bila sababu. Anatapika, anaanguka. Watu hudanganyana kwamba lazima ngozi iwe kavu. Si kweli, mchezaji anaweza kuwa amelowa jasho chapachapa na huku anakufa. Na najua hapa kwetu mambo yatakavyokuwa: mmoja atasema malaria imempanda, mwingine atasema ni mashetani, wa tatu atakimbilia kumtafutia soda. Aliyechanganyikiwa msimnyweshe kitu, atapaliwa.

Mpozeni kwanza. Ndiyo, hata kabla ya kumpakia kwenye gari. Mmoja akakimbie kuita msaada, waliobaki mvueni jezi na viatu, mpelekeni kivulini, na kama kuna pipa au beseni kubwa la maji baridi mwingizeni mpaka shingoni, mtu amshikilie kichwa kisizame. Hakuna pipa? Mmwagieni ndoo baada ya ndoo, mfunikeni kanga zilizoloa, zibadilisheni kila zikipata joto, na mpepeeni. Barafu ya muuza juisi iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Wataalamu wanataka joto liwe limeshuka ndani ya nusu saa. Haya, ugumu uko wapi hapo? Maji na ndoo.

Kwa nini basi watu wenye kila kitu walishindwa? Mwezi Oktoba 2018 tume iliyochunguza timu ile ilisema matatizo yaliota mizizi kwa sababu wachezaji wengi mno waliogopa kusema. Mimi naona ugonjwa wenyewe ulikuwa hapo. Mtu anayeogopa kuitwa legelege atakimbia mpaka aanguke, na mwenzake atamshika mkono amalize badala ya kumkalisha chini.

Rais wa chuo, Wallace Loh, alikuwa ameshatamka mwezi Agosti kwamba chuo kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili. Kocha mkuu, DJ Durkin, alisimamishwa, akarudishwa tarehe 30 Oktoba, na kesho yake akafukuzwa baada ya kelele kubwa. Katikati ya vurugu hizo vijana waliendelea kucheza. Novemba walipoteza kwa Ohio State 52 kwa 51, katika muda wa nyongeza, tofauti ya pointi moja! Walimaliza na ushindi mara 5 na kushindwa mara 7. Wazazi wa McNair walianzisha taasisi ya kufundisha wachezaji habari za joto, na mwaka 2021 jimbo la Maryland likapitisha sheria yenye jina lake.

Kwenu ninyi, siku za hatari ni hizi hizi, wiki ya kwanza na ya pili baada ya likizo, mwili haujazoea. Anzeni taratibu. Kimbieni asubuhi au jua likishapoa. Mwenye homa au aliyeharisha jana apumzike, hata kama ndiye mfungaji wenu. Na maji yanywewe wakati wowote mtu akisikia kiu, bila kuomba ruhusa.

Nahodha, inuka. Ukimwona beki wako anayumba na mwalimu wa michezo hayupo, ni nani anasimamisha zoezi? Usinijibu mimi, waambie wenzako hapa. Halafu twende wote tukaone hilo pipa litakaa upande gani wa kiwanja.