KWA NINI WATU WAWILI HUONEKANA KUWA MTU MMOJA
(Maneno ya karani wa uandikishaji katika mkutano wa wakazi na viongozi wa vijiji)



Siku ya mgao uliopita mama mmoja alifika dirishani na watoto wake wanne, akaambiwa kadi yake imefungwa kwa kuwa "ameandikwa mara mbili". Alirudi nyumbani mikono mitupu. Tulipochunguza tulikuta kuna mama mwingine mwenye jina kama lake. Kosa lilikuwa letu, na haki yake amepewa. Nataka niwaeleze jambo hili hutokeaje, ili likikupata ujue la kuuliza.

Kompyuta hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali ulikotoka na majina ya wazazi. Kila kinachofanana hupewa alama. Alama zikifika kiwango kilichowekwa, kompyuta hutoa onyo. Onyo si hukumu. Anayepaswa kuamua ni mtu, baada ya kuangalia.

Mambo yanayoleta onyo ni haya:

1. Majina. Karani mmoja huandika Amisi, mwingine Hamisi. Kwa hiyo kompyuta huwekwa ikubali tofauti ndogo za herufi. Hilo husaidia, lakini pia huunganisha wasiohusiana. Mapacha wengi wa Burundi huitwa Bukuru na Butoyi; basi akina Bukuru ni wengi, wala si mtu mmoja.

2. Tarehe. Asiyejua siku aliyozaliwa mara nyingi huandikiwa tarehe 1 Januari. Hivyo watu wengi "wamezaliwa" siku moja. Tarehe hiyo isihesabiwe kuwa ushahidi.

3. Mahali. Waliokimbia pamoja kutoka Fizi au Uvira wataandikwa mahali pamoja.

4. Kuandikwa mara mbili kweli. Mtu ametoka kambi nyingine, akaogopa kutaja kadi ya zamani. Si lazima awe mdanganyifu, lakini kuficha huleta taabu baadaye.

Ndiyo maana siku hizi huchukuliwa alama za vidole kumi na picha za mboni za macho. Chombo hicho cha UNHCR kilijaribiwa katika kambi ya Dzaleka, nchini Malawi, kabla ya kupelekwa nchi nyingine kuanzia mwaka 2015. Majina yakifanana lakini vidole na macho yakatofautiana, hao ni watu wawili. Vidole vilivyochakaa kwa jembe huenda visisomeke vizuri. Hapo omba macho yaangaliwe. Watoto wadogo chini ya miaka 5 kwa kawaida hawachukuliwi alama hizo, kwa hiyo majina ya wazazi wao yaandikwe kwa uangalifu.

Ukiambiwa kadi yako imefungwa, fanya hivi:

- Uliza: "Ni kitu gani kilichofanana?" Jina peke yake halitoshi.
- Leta karatasi zote ulizo nazo, hata za kambi ya zamani, hata zilizochanika.
- Taja majina yako yote kwa mpangilio uleule kila mara. Usibadili jina ili kukwepa onyo. Utaleta onyo jingine.
- Njoo na watu wa nyumba yako. Kompyuta inaweza kuchanganya mama wawili, lakini ni vigumu wawe na watoto walewale.
- Usimlipe mtu yeyote. Kusahihisha kadi ni bure.

Nasi makarani tuna wajibu wetu. Tusifute kumbukumbu ya mtu kabla hajaitwa na kusikilizwa. Kumbukumbu mbili zikiunganishwa kimakosa, nyumba moja hulala njaa, na kuzitenganisha tena ni kazi ndefu kuliko kuuliza swali moja mapema.

Viongozi wa vijiji, wafikishieni habari hii wasioweza kusoma.