Dakika 10 na Daftari Lako

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari)

Sogeeni karibu tuongee.

Leo sitazungumza juu ya malaria wala UKIMWI. Nataka tuzungumze juu ya kalamu. Najua wewe unayekaa kule nyuma unajiuliza, "Kalamu na afya, wapi na wapi?" Subiri kidogo, utaona.

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili. Anaandika karatasi na kuitumbukiza kwenye sanduku la maswali: "Nina tatizo la tumbo. Naomba msaada." Basi, kamaliza. Sasa niambie, hata ungekuwa daktari bingwa ungemjibu nini? Tumbo lina mambo mengi. Labda ni minyoo. Labda ni vidonda vya tumbo. Labda ni njaa tu, kwa kuwa hajala tangu asubuhi.

Msikilize tena akiandika hivi: "Nina miaka 15. Tumbo chini ya kitovu linaniuma siku 2 za kwanza za hedhi, mpaka nashindwa kwenda shule. Lilianza mwaka huu. Sijatumia dawa yoyote. Naona haya kumwambia baba, na mama anafanya kazi mji mwingine." Umeona? Huyu anasaidika. Muuguzi anajua aanzie wapi, maana maumivu ya hedhi yana tiba, na yakimzuia mtu masomo anatakiwa kwenda kuonwa kituo cha afya.

Msichana ni yule yule, na akili yake ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba amejifunza kumfikiria yule atakayesoma: hanioni, hanijui, anahitaji kuambiwa nini? Hilo ndilo jambo kubwa katika kuandika. Nalo linapatikana kwa mazoezi.

Utasema, "Mimi sina kipaji bwana." Kipaji kipo, sikatai. Lakini hebu tazama timu yenu ya mpira. Je, kuna mchezaji anayekaa wiki nzima bila kugusa mpira halafu Jumamosi akafunga mabao? Kuandika nako ni vivyo hivyo. Mwanzoni akili yote inakwenda kwenye tahajia, nukta na jinsi ya kuanza sentensi. Ukizoea, mambo hayo yanakuja yenyewe, na akili inapata nafasi ya kufikiria unachotaka kusema na unayemwambia.

Tena, kidogo kila siku ni bora kuliko kingi kwa mpigo. Anayeandika dakika 10 kila siku na anayeandika saa nzima Jumapili wanakaribiana kwa muda. Lakini yule wa kila siku hampi mkono wake nafasi ya kusahau. Haba na haba hujaza kibaba.

Nikupe mfano wa mtu unayemfahamu darasani. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, hakuwa na kazi ya kukaa tu na kutunga. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali, akiamka na kwenda ofisini kama watu wengine. Lakini kalamu hakuiweka chini. Mbali na vitabu na mashairi, alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilikusanywa zikawa kitabu kilichotoka mwaka 2002. Fikiria, zaidi ya miaka 25 ya kumwandikia ndugu yake! Usione barua kuwa ni kitu kidogo. Anayeandika barua anajua nani atasoma, kwa hiyo analazimika kueleweka.

Mfano mwingine ni wa kijana kama wewe. Anne Frank alipewa daftari mwezi Juni 1942, siku alipotimiza miaka 13. Muda mfupi baadaye yeye na familia yake walijificha katika jiji la Amsterdam, kwa sababu Wanazi walikuwa wakiwakamata Wayahudi. Mle mafichoni aliandika kwa zaidi ya miaka 2. Mwezi Machi 1944 alisikia redioni waziri wa Uholanzi akiwaomba wananchi watunze shajara na barua zao za wakati wa vita. Je, Anne alijisifu kwamba yake iko tayari? Hapana. Mwezi Mei alianza kuiandika upya, akiondoa hapa na kuongeza pale. Mwezi Agosti walikamatwa, na mwaka 1945 alifia kambini akiwa na miaka 15. Kitabu chake kilitoka mwaka 1947, na mpaka leo kinasomwa. Sisi tujifunze hili: kuandika ni mazoezi, na kuandika upya ni mazoezi pia.

Sasa ufanyeje?

Kwanza, tafuta daftari moja la kawaida. Likiwa limebaki na kurasa chache za mwaka jana, linatosha.

Pili, chagua saa yako. Inaweza kuwa baada ya chakula cha jioni, au kabla ya kengele ya asubuhi. Saa ikibadilika kila siku, utaacha.

Tatu, andika dakika 10 juu ya jambo moja tu. Usiandike "maisha ni magumu." Andika foleni ya maji ya leo: nani alikuwa mbele, ndoo ngapi, ugomvi ulianzaje. Siku ukikosa la kuandika, andika barua ambayo hutaituma.

Nne, Jumamosi chagua ukurasa mmoja, uusome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama ndipo msomaji atakapokwama. Pasahihishe, kisha uandike upya.

Tano, ukiwa na rafiki unayemwamini, mpe ukurasa huo. Usimwulize, "Ni nzuri?" Atakujibu nzuri ili asikuudhi. Mwulize, "Umeelewa nini?" Akieleza kitu kingine, kazi bado ipo.

Umeruka siku 2? Usijilaumu, wala usilipe deni. Anza tena leo.

Liko jambo jingine linalogusa afya moja kwa moja. Mwaka 1986 kule Marekani, mtaalamu wa saikolojia aitwaye James Pennebaker na mwenzake walitoa matokeo ya utafiti wao. Waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida, wengine yaliyowaumiza moyoni. Walioandika maumivu yao pamoja na walivyojisikia walihuzunika zaidi siku zile za kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zilizofuata zinaonyesha kwamba faida hiyo kwa kawaida ni ndogo, na si kila mtu anaipata. Kwa hiyo usilifanye daftari kuwa dawa ya kila kitu. Likikuzidishia uchungu, liache kwanza. Na kama kuna mtu anakuumiza, au unawaza kujidhuru, usiishie kuandika. Mwambie mwalimu, muuguzi, au mtu mzima unayemwamini, leo hii. Ulimi ukigoma, mpe karatasi uliyoandika. Hapo utaona faida ya kujua kuandika.

Kuhusu siri, daftari ni lako. Liweke mahali salama. Na ukiokota la mwenzako, lirudishe bila kulifungua.

Haya, nisiwachoshe. Jioni ya leo kaa chini, tazama saa, andika dakika 10. Juu ya ukurasa weka tarehe. Baada ya miezi 3, soma ukurasa huo wa kwanza kando ya ule wa mwisho, uone mwenyewe umefika wapi.

Kalamu mnazo?