Pampu ya Maji ya Gari Letu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tueleze habari ya kubadili pampu ya maji ya gari la zamani, kazi tuliyoifanya wenyewe nyumbani. Sisi ni wafanyakazi sita wa reli, nasi tuna Toyota HiAce moja ya dizeli kwa shirika. Gari hili ndilo lipelekalo wagonjwa wetu hospitali usiku, na mizigo ya wake zetu sokoni alfajiri. Likifa, nyumba sita zimekwama.

Kwanza tujue kazi ya pampu. Joto la injini huondolewa na maji yazungukayo kati ya injini na rejeta, na pampu ndiyo iyasukumayo. Pampu ikishindwa, injini hupata moto kupita kiasi, gasketi ya silinda hedi huungua, hata silinda hedi yenyewe hupinda au kupasuka. Ndipo hasara ndogo inapokuwa hasara ya injini nzima.

Dalili ni tatu. Maji hudondoka katika kitundu kilicho chini ya pampu. Kitundu hiki kimewekwa makusudi ili kutuonya ya kuwa sili imekwisha, basi msikizibe. Tena beringi hulia. Tena ukishika feni, injini ikiwa imezimwa, huchezacheza. Katika shirika letu wako waliosema tuongeze maji tu kila asubuhi. Tuliwajibu ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa sikilizeni sana. Msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Ninyi mliopata kukaa Timboroa mwajua ya kuwa chai huchemka upesi huko. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Timboroa, palipo juu zaidi ya mita 2,700, huchemka kwa digrii 91 hivi. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke hata yakipita joto hilo. Ukikifungua, yatachemka mara moja na kukurukia usoni. Kwa hiyo gari letu tuliliacha lipoe usiku kucha.

Asubuhi tulitia kabari chini ya magurudumu, kama tufanyavyo kwa behewa, tukafungua waya wa betri. Maji ya rejeta tuliyakinga katika karai, tukayaweka mbali na watoto, mbwa na mbuzi, maana dawa ya kupozea ina utamu nayo ni sumu.

Injini ya gari letu i chini ya viti vya mbele. Tulilegeza mikanda, tukatoa feni na puli yake, kisha mipira ya maji, kisha bolti za pampu. Bolti hizo hazilingani urefu. Tulichora umbo la pampu juu ya kipande cha boksi, na kila bolti tukaichomeka mahali pake. Ile ndefu ikitiwa mahali pa fupi, huweza kupasua chuma.

Kabla ya kufunga mpya tuliilaza kando ya ile ya zamani, tukalinganisha matundu na urefu wa shafti. Gasketi ya zamani tuliikwangua yote, pole pole, tusiukwaruze uso wa chuma. Msiweke gasketi mpya juu ya mabaki ya zamani, itavuja. Bolti tulizikaza kidogo kidogo kwa kupishana, huku na huku. Mikanda nayo isilegee, wala isikazwe mno, maana mkanda uliokazwa mno huua beringi mpya.

Mwisho tulijaza maji safi pamoja na dawa, tukawasha injini ingali baridi, kifuniko kikiwa wazi, mpaka mapovu yakaisha. Tukaongeza maji, tukafunga. Kesho yake, injini imepoa, tulitazama tena kiasi cha maji, na chini ya gari tukatafuta tone. Hapakuwa na hata moja.

Neno moja la tahadhari. Katika magari mengine pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, ulio ndani ya kifuniko. Mkanda huo ukirudishwa vibaya, hata kwa jino moja, injini yaweza kuharibika. Gari la namna hiyo msiliguse bila mtu anayeijua kazi hiyo.

Ndugu wanachama, kazi hii haitaki nguvu nyingi, yataka subira na mikono zaidi ya miwili. Spana zetu tumeziweka sanduku moja. Mwanachama yeyote mwenye gari linalodondosha maji na aje aazime, nasi tutakuja kumsaidia. Ila spana ya kumi na nne iliyoazimwa mwezi uliopita, tafadhali irudishwe.